Kadi inasema amepona, mlima unasema bado

Mamdogo wangu alimaliza dawa za kifua kikuu kwa mara ya pili maishani mwake, miezi sita bila kuruka hata siku moja. Makohozi yakapimwa, vijidudu havikuonekana, na kwenye kadi yake likaandikwa neno moja: Amepona. Wiki iliyofuata nikapanda kwenda kumwona nyumbani kwake, milimani Lushoto. Nilimkuta njiani akitoka bombani na ndoo ya lita kumi mkononi. Ile ya lita ishirini aliyokuwa akijitwika kichwani tangu usichana ameshamwachia mjukuu. Nikamwamkia, "Shikamoo, mamdogo." Aliniangalia tu, akainua kidole kuniomba nisubiri. Ndoo chini, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka, midomo ameikunja kama mtu anayepuliza moto wa kuni. "Marahaba" yake ilikuja baadaye sana, nimeshaichukua ndoo. Njia hiyo ya kutoka bombani hadi mlangoni kwake watoto wa shule huikimbia. Yeye alisimama mara nne.

Kadi haikusema uongo. Iliulizwa kama vijidudu vimekwisha, ikajibu ndiyo. Ambalo halikuulizwa ni swali la pili: mapafu yaliyobaki yanamwezesha kufanya nini? Na hayuko peke yake. Kule Blantyre, Malawi, watafiti waliwafuatilia watu wazima zaidi ya 400 waliomaliza dawa za kifua kikuu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba, wakati wa kumaliza dawa, zaidi ya nusu bado walikuwa na dalili za kifua, na kama theluthi moja vipimo vyao vya upumuaji havikuwa vya kawaida. Robert Koch alitangaza kwamba amemgundua mdudu wa kifua kikuu mwaka 1882. Mkutano wa kwanza wa kimataifa kuhusu ugonjwa wa mapafu unaobaki baada ya kifua kikuu ulifanyika Stellenbosch, Afrika Kusini, mwaka 2019. Miaka yote hiyo katikati tumehesabu vijidudu kwa bidii kubwa, na mtu mwenyewe tukamruhusu aende zake.

Waongeze wanaopika kwa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha, waliovuta sigara, na wachimbaji wanaokula vumbi la mawe Mirerani na kwingineko. Wilayani Masindi, Uganda, utafiti uliotolewa mwaka 2015 ulikuta asilimia 16.2 ya watu wazima waliopimwa wana ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, mmoja katika kila sita, na moshi wa kuni ulikuwa sehemu kubwa ya maisha yao. Hawa wote dawa peke yake haiwatoshi. Wanahitaji utengamao wa mapafu: mazoezi yanayosimamiwa, mara mbili au zaidi kwa wiki, kwa wiki sita hadi nane au zaidi, pamoja na mafunzo ya kupumua, kutoa makohozi, kula na kuishi na ugonjwa.

Mimi kazi yangu ni fiziotherapia, na ninachotaka kukizungumzia leo hakihusu uhaba wa huduma hiyo, ingawa ni haba kweli kweli. Nazungumzia namna tunavyopima kama imemsaidia mtu. Ukipima kisichostahili, tiba nzuri itaonekana bure; ukipima kinachostahili lakini ovyo, tiba dhaifu itaonekana miujiza. Makosa yote mawili nimeyaona, na moja nimelifanya kwa mikono yangu.

Nianze na spirometa, maana ndiyo yenye heshima kubwa. Mgonjwa anavuta pumzi hadi mwisho, anapuliza kwa nguvu zake zote, na mashine inaandika hewa iliyotoka katika sekunde ya kwanza. Kwa kutambua ugonjwa na ukali wake, kipimo hiki ni cha lazima na nawaombea kila hospitali ya wilaya ipate. Lakini mpime mgonjwa kabla ya wiki nane za mazoezi, mpime na baada yake, namba itakuwa ileile au karibu na hapo. Daktari anaweka karatasi mbili mezani, anasema hakuna mabadiliko. Kwa mapafu, ni kweli hakuna. Kovu la kifua kikuu haliyeyuki kwa mtu kupanda na kushuka ngazi, na kifuko cha hewa kilichobomoka hakijengeki upya.

Kilichobadilika kiko mapajani. Mtu anayekatwa na pumzi hupunguza kutembea, na hilo ni jambo la kawaida kabisa, nani apende kuhema mbele za watu? Asipotembea misuli ya miguu inasinyaa. Misuli iliyosinyaa inachoka upesi, inazalisha asidi mapema, na mwili unalazimika kupumua kwa kasi zaidi kwa kazi ileile ya jana. Kwa mwenye njia za hewa zilizoziba, kasi hiyo ni balaa, kwa sababu pumzi mpya inaingia kabla ya ile ya kwanza haijatoka, kifua kinajaa kama puto, na nafasi ya kuvuta nyingine inakosekana. Anaogopa. Kesho anatembea kidogo kuliko leo. Mazoezi yanaukata mduara huu upande wa miguu: paja lenye nguvu linadai hewa kidogo, pumzi inatulia, kifua kinapata muda wa kushusha. Mapafu yaleyale mabovu, mtu mwingine. Spirometa haina jicho la kuliona hilo, na anayeitumia kuhukumu utengamao anapima uzito kwa rula.

Kipimo kinachoona ni cha kutembea dakika sita, na hakina mashine. Unahitaji njia bapa ya mita 30, koni mbili, saa, kiti cha karibu endapo mtu atazidiwa, na mtu makini. Asili yake inafurahisha. Mwaka 1968 Kenneth Cooper, daktari wa jeshi la anga la Marekani, alieleza jinsi ya kupima nguvu za askari kwa kukimbia dakika 12. Mwaka 1976 madaktari wa Uingereza wakaligeuza zoezi hilo kuwa la kutembea kwa wagonjwa wa bronkaitisi sugu, na mwaka 1982 ikaonyeshwa kwamba dakika sita zinatosha, hakuna haja ya kumtesa mtu dakika 12. Mgonjwa anaambiwa atembee mbali kadiri awezavyo kwa dakika sita. Akichoka asimame, apumzike, aendelee. Unahesabu mita.

Kwa urahisi huo watu hudhani hakiharibiki. Kinaharibika upesi sana, na hapa ndipo nilipokosea mimi. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa natembea bega kwa bega na mgonjwa, nampigia makofi: "Kaza mama, kaza, usiniangushe!" Siku ya kwanza simjui, namwachia atembee kimya. Siku ya mwisho tumeshazoeana kama ndugu, koridoni kelele za uwanja wa mpira. Mita zikiongezeka nafurahi, namwandikia maendeleo mazuri. Baadaye nikasoma utafiti wa Gordon Guyatt na wenzake wa Kanada, wa mwaka 1984: maneno ya kutia moyo peke yake yaliongeza umbali, na ongezeko hilo lilikuwa sawa na lile ambalo tafiti nyingine zilikuwa zikilihesabu kuwa faida ya tiba. Nilikaa kimya muda mrefu. Ni mama wangapi niliowaandikia maendeleo ambayo yalikuwa makofi yangu?

Ndiyo maana kuna maneno maalumu yaliyopangwa, yanasemwa kwa sauti ya kawaida, kila dakika moja: unaendelea vizuri, bado dakika tano, endelea hivyo hivyo, bado dakika nne. Basi. Hutembei mbele yake wala sambamba naye, maana atafuata mwendo wako badala ya wake.

Halafu kuna jambo la kujifunza. Mtu akitembea mara ya pili, hata siku hiyohiyo baada ya kupumzika, huenda mbali zaidi kwa sababu sasa ameshajua namna ya kuzigawa nguvu zake. Kwa wagonjwa wa kuziba njia za hewa ongezeko hilo ni kama mita 26 kwa wastani. Sasa linganisha na hili: mwongozo wa vyama vya madaktari wa mapafu vya Ulaya na Marekani wa mwaka 2014 unasema badiliko linaloanza kuwa na maana kwa mgonjwa ni kama mita 30. Ukimtembeza mara moja mwanzoni na mara moja mwishoni, karibu faida yote unayoitangaza inaweza kuwa ni mazoea ya koridoni. Mwongozo huo unataka matembezi mawili, na unachukua lililo bora. Katika hospitali nilizopitia, ni nadra kuona la pili. Wanasema muda hautoshi. Nami najua foleni ilivyo, lakini namba isiyoaminika nayo imekula muda, na imemdanganya mgonjwa juu yake.

Koridoni pia tuwe waangalifu. Wengi hatuna mita 30 zisizopitwa na machela na wauza karanga. Ukitumia mita kumi, mgonjwa anageuka mara nyingi, kila kugeuka kunampunguzia mwendo, na umbali wake haulinganishwi na ule wa kitabuni. Bado unaweza kumlinganisha na yeye mwenyewe, mradi iwe koridoni ileile na, kwa nchi zetu za joto, saa ileile. Pasipo na nafasi kabisa kuna kiti: mtu anakaa na kusimama bila kujisukuma kwa mikono kwa dakika moja, unahesabu, na nyongeza ya kusimama kutatu, tuseme kutoka 15 hadi 18, ina maana. Na Kampala, katika Hospitali ya Mulago, wenzetu walipoanzisha utengamao kwa watu wenye mapafu yaliyoharibiwa na kifua kikuu, mara mbili kwa wiki kwa wiki sita, walitumia kipimo kilichobuniwa Leicester mwaka 1992: koni mbili, njia ya mita kumi, na mlio uliorekodiwa unaozidi kuharakisha kila dakika hadi mtu ashindwe kuufuata. Mlio hauna undugu na mgonjwa. Naupenda kwa hilo.

Kile kifaa kinachobana kidole ili kusoma oksijeni ya damu tunakiamini kupita kiasi. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan walionyesha kwamba kwa wagonjwa ambao kifaa kilisoma asilimia 92 hadi 96, damu ya Wamarekani weusi ilikuwa na upungufu mkubwa wa oksijeni uliofichika katika asilimia 11.7 ya vipimo, dhidi ya 3.6 kwa weupe. Kwa hiyo hapa kwetu namba ya 93 si ruhusa ya kumwambia mtu aendelee kutembea huku midomo inabadilika rangi. Mwangalie usoni. Na wagonjwa wetu wanaotoka harusini, rangi ya kucha na piko nyeusi vinaweza kuvuruga usomaji. Tafuta kidole kisafi au sikio.

Sasa nifike kwenye madodoso, kwa sababu huku ndiko lugha yetu inakoonewa. Dodoso la hospitali ya St George's ya London, la mwaka 1992, ni kazi ya heshima. Lina alama 0 hadi 100, na badiliko la alama nne lina maana. Lakini katika mambo linayouliza kama yanakukata pumzi kuna kuzoa theluji kwa koleo, na kucheza gofu. Yuko mama gani wa Lushoto, wa Kigoma au wa Bukavu anayezoa theluji? Atajibu hapana, haimsumbui, na kwa jibu hilo ataonekana mzima. Dodoso fupi la CAT, maswali manane yenye jumla ya alama 40, ambalo badiliko la alama mbili tu lina maana, ni afadhali. Lenyewe linauliza ngazi, usingizi, makohozi na kutoka nyumbani.

Tukitafsiri, tutafsiri kwa masikio ya wagonjwa. Kitabu kinasema "kupumua kwa shida". Wagonjwa wangu hawasemi hivyo. Mmoja atasema pumzi inamkata, mwingine kifua kinambana, mwingine kimejaa, mwingine anatweta tu. Si vitu vimoja. Anayesema kimejaa mara nyingi namkuta na ile hewa iliyonaswa niliyoieleza juu. Anayesema kinabana inabidi nimuulize na moyo. Ukiyafunika yote kwa neno moja la kitabuni, umetupa dalili kabla hujaanza kupima.

Tena kuna adabu yetu. Muulize mtu mzima wa pwani au bara, "Unajisikiaje leo?" Atakujibu salama, namshukuru Mungu, hata kama amekaa kitako usiku kucha kwa sababu hawezi kulala chali. Salamu hairuhusu kulalamika kabla ya kumshukuru Mungu, na mfumo wa alama 0 hadi 10 za kuhema, alioubuni Gunnar Borg wa Sweden, unaingia masikioni mwa mgonjwa kama salamu nyingine. Anakupa mbili ili usihuzunike. Nimewahi kupewa mbili na mzee ambaye hakuweza kumaliza kulitamka neno lenyewe.

Dawa yake nimeiona ni kuuliza tendo. Ile ngazi ya zamani ya kuhema yenye madaraja 0 hadi 4 ilikuwa na akili hiyo: inauliza kama unabaki nyuma ya watu wa rika lako mkitembea sehemu tambarare, kama unasimama kila baada ya mita mia hivi, kama kuvaa nguo tu kunakuhemesha. Iweke katika maisha yetu. Mkienda msibani na wenzako, nani anatangulia kufika? Rakaa unaswali ukiwa umesimama au umekaa kitini? Kwaya bado unaimba, au unafungua mdomo tu? Nani anakukunia nazi siku hizi? Hapo adabu haina pa kujificha, na majibu yanahesabika.

Kuhusu kama utengamao unafanya kazi, sioni tena cha kubishania. Uchambuzi wa mwaka 2015 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, ulikusanya tafiti 65 zenye wagonjwa 3,822 wa kuziba njia za hewa, na waliofanya mazoezi waliwazidi wenzao kwa kama mita 44 katika dakika sita. Wahariri wake wakasema tafiti zaidi za namna hiyo hazihitajiki. Linalobaki ni letu: je, umemsaidia huyu, hapa, kwa namna tunavyoufanya sisi? Wastani haujibu hilo. Na daftari zetu zinaficha watu. Anayepimwa mwishoni ni aliyefika mwishoni, na anayefika mwishoni ni mwenye nauli. Aliyeacha wiki ya tatu kwa sababu basi ni elfu nne kwenda na kurudi hana mita za mwisho, kwa hiyo hayumo, na ripoti inang'aa. Kabla ya kuniambia mita ngapi ziliongezeka, niambie walianza wangapi na wamemaliza wangapi. Kisha niambie miezi sita baadaye wako wapi, kwa sababu faida hii hufifia kwa anayeacha mazoezi, na kumpima mtu siku ya kumuaga peke yake ni kumpiga picha akiwa amevaa nguo za sikukuu.

Ombi langu kwa wanaopanga kadi za kifua kikuu ni mstari mmoja: mita alizotembea na daraja la kuhema, siku ya kuanza dawa kama hali inaruhusu, na siku ya kumaliza. Bila mashine mpya wala idara mpya. Siku ambayo bima zetu zitaulizwa kwa nini zilipie mazoezi ya mapafu, hatutakuwa na cha kuonyesha ila mstari huo.

Mamdogo alifanya wiki nane. Kumpima nilimwachia mwenzangu, mimi nikabaki nje ya jengo, maana nisingeweza kunyamaza. Mwanzoni alitembea mita 285, na mara ya pili siku hiyohiyo 310. Mwishoni 352. Ningelinganisha na tembezi la kwanza ningejigamba kwa mita 67. Zake halali ni 42, na zinatosha. Spirometa haikusogea. Nilipokwenda kumwona, aliitikia salamu yangu akiwa bado anapanda, ndoo mkononi, na kutoka bombani alisimama mara mbili.

Nikamwambia zimebaki mbili. Akanikatalia. "Pale kwenye baraza ndiyo, kifua. Pale kwenye mparachichi nasimama kwa sababu ya kivuli, na jirani yangu huwa ananisubiri hapo tuongee. Usiniandikie ugonjwa."

Nimeandika moja. Tarehe ya kumpima tena, miezi sita kutoka siku ile, iko nyuma ya kadi yake, kwa kalamu nyekundu, upande wa pili wa lile neno Amepona.